Kupita kwa Kushoto

3 Machi

Shangazi,

Sikuwa nimelala.

Nimeliweka hilo kabla ya salamu kwa sababu najijua: nikianza na salamu nitazunguka humo humo mpaka karatasi iishe. Sijamwambia mtu yeyote, hata Mama. Sasa shikamoo. Huku hatujambo. Mdogo wangu ameng'oka meno mawili ya mbele na kila akisema "sisi" anapiga mluzi bila kutaka. Mama bado yuko duka la dawa, zamu za asubuhi, miguu inamvimba. Baba mzima.

Gari ndilo si zima. Najua siku ile kabla hujapanda basi la kwenda huko kambini kusiko na mtandao alikupigia simu akakuambia, "Dada, mwanafunzi kanitia kwenye lori." Mimi nilikuwa kiti cha nyuma, kwa hiyo nakueleza yaliyobaki.

Ilikuwa tarehe ishirini na moja mwezi uliopita, saa moja na nusu asubuhi. Usukani alikuwa nao yule fundi cherehani wa mtaa wa nyuma, aliyenishonea sare. Baba kushoto kwake, kiti cha mwalimu. Barabara ile pana, njia mbili za kwenda na mbili za kurudi. Mbele yetu lori la kokoto limejikalia njia ya kulia, linajikokota kama limetumwa lisipotaka, na njia ya kushoto tupu kabisa.

Unajua Baba anavyofundisha. Hasemi. Wanafunzi wanamwita Mwalimu Kidole. Akigonga dashibodi mara moja, punguza mwendo. Mara mbili, pita. Akigonga kioo cha mlango wake, hamia kushoto. Watu wanamsifu, eti ukifundishwa naye hutetemeki, hakuna mtu anayekufokea sikioni.

Fundi aliwasha taa ya kulia ili lori lijue tunataka kupita, akangoja lirudi kushoto litupishe. Alifanya sawasawa na kitabu. Baba akatazama saa. Akagonga kioo. Kisha dashibodi, mara mbili.

Fundi akamgeukia kidogo, kama mtu anayeuliza kweli? Baba akagonga tena, vile vile.

Tulipofika ubavuni mwa lori, lori nalo likakumbuka kwamba kwao ni kushoto. Likaja. Lilitusukuma mpaka kwenye kingo za chuma, na kelele ile sitaki kuiandika. Fundi alivunjika kifundo cha mkono wa kulia. Sisi tulichubuka tu.

Askari alipofika Baba alimwambia, "Sikumwambia apite kushoto. Sikufungua mdomo." Na kweli hakuufungua. Halafu akanitazama, akaongeza, "Mtoto alikuwa amelala."

Nikafumba macho. Nimekaa wima, vipande vya kioo vimejaa mapajani, na mimi nikafumba macho.

Kikao cha kuamua kosa ni la nani kiko mwezi wa sita. Fundi akionekana alimkaidi mwalimu, kosa lote lake na leseni aisahau. Baba akionekana ndiye aliyeamuru, ananyang'anywa kibali cha kufundisha, na Baba hajui kazi nyingine. Mimi nifanyeje?

Ni mimi mwanao, ambaye mwalimu wa darasa aliniandikia kwenye ripoti neno moja tu: "Hasikiki."


21 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Barua yako imefika jana pamoja na vitunguu na dizeli, maana lori la mahitaji huja kila baada ya wiki mbili, na likija linakuja na kila kitu, hata harufu ya mjini.

Mwambie mdogo wako asihuzunike, mluzi ni kipaji. Mama yako aweke miguu juu ya mto anapokaa. Mimi mgongo ndiyo hivyo, lakini nasimama.

Unaniuliza habari za kazi (hukuuliza, lakini nakujibu). Tumeshachora mistari ya barabara mpya kilomita kumi na nne. Rangi tunaichemsha kama uji, inamwagwa ingali moto, halafu juu yake tunanyunyiza shanga ndogondogo za kioo ili usiku taa za gari zikiipiga iwake. Juzi kijana wa mashine alipiga chafya, mstari ukapinda kama mkia wa mbuzi. Nikamwambia, "Afya! Sasa ukwangue." Wameukwangua siku nzima. Huku wananiita Bi Mstari, na wakiniona nakuja kila mtu anaanza kuchuchumaa, kufumba jicho moja na kupima.

Barabara haijafunguliwa lakini malori yameshaanza kupita, na yote, yote, yanakwenda njia ya kulia. Nikamsimamisha mmoja. "Baba, mbona umejikita huku na kushoto hakuna mtu?" Akasema, "Mama, huku ni laini zaidi." Laini zaidi! Lami ni moja, tumeimwaga siku moja.

Mtihani wako wa kuongea ulikuwaje? Hukuniandikia.

Mambo ya kikao ni ya watu wazima. Aliyelala asiamshwe.

Shangazi yako


2 Aprili

Shangazi, shikamoo.

Tunaendelea vizuri. Jino moja limeanza kuchomoza. Mama ameweka mto, anasema asante.

Umenijibu kila kitu isipokuwa nilichouliza. Samahani, mdomoni lisingetoka hilo, ila kwenye karatasi huwa napata ujasiri ambao sijui unakaa wapi siku nyingine.

Nilikwenda kwa fundi. Nilibeba sketi iliyofumuka pindo, ili nisionekane nimeenda kumwangalia. Chumba chake kimejaa nguo ambazo hazijamalizika, zimetundikwa mpaka kwenye mlango. Mkono uko kwenye plasta. Alikuwa anajaribu kukata kitambaa kwa mkono wa kushoto na mkasi ukawa unatafuna tu, haukati.

"Karibu, binti wa mwalimu," akasema. "Leta nione. Pindo hili hata mwenye mkono mmoja analiweza." Akacheka peke yake.

Nikasema, "Pole, mama."

"Nimeshapoa. Kinachoniuma si mkono. Niliwaeleza kule kituoni, nikawaambia mwalimu kagonga kioo, kagonga dashibodi, mimi nikapita. Wakaangua kicheko. Askari mmoja akaniuliza, 'Mama, kwani unaendesha gari au unacheza ngoma?'" Akaliweka pindo chini ya sindano, akazungusha gurudumu la cherehani kwa kushoto, polepole. "Wewe ulikuwa umelala, mwanangu. Najua. Siku zile mitihani."

Hakusema kwa kejeli. Angesema kwa kejeli ingekuwa nafuu.

Shangazi, kuna lingine. Maelezo ya Baba yaliyoko kwenye faili niliyaandika mimi. Fomu ilikuwa kwa lugha ya shule, na Baba lugha ile anaisoma kwa kuikisia. Akaniketisha mezani. Yeye anasema kwa Kiswahili, mimi nageuza. "Andika: sikusema neno. Andika: alipita kwa uamuzi wake. Andika: mtoto wangu alikuwa amelala kiti cha nyuma." Nikaandika, kwa mwandiko wangu mzuri kabisa. Hata nikamrekebishia sentensi moja isikike vizuri zaidi. Mwalimu wangu wa lugha angenipa alama zote.

Fundi haisomi lugha ile. Hajui kumeandikwa nini humo.

Nijibu hili tu.

Mwanao


28 Aprili

Mwanangu,

Marahaba. Nimechelewa, lori halikuja mara moja, na lilipokuja nilikaa na barua yako siku tatu mfukoni, imeingia rangi pembeni.

Nakushukuru kwa kumsalimia mama yako. Mgongo umezidi kidogo.

Ulitaka nijibu, nakujibu. Njia ya kulia si ya wenye haraka, wala si ya wakubwa, wala si ya wenye magari mapya. Ni ya kupita, ukishapita unarudi. Aliye kulia macho yake yako mbele na kulia, ubavu wake wa kushoto anauchukulia kama mlango wa chumbani kwake. Ukimpitia huko umempitia uchi. Hakutarajii. Akirudi kwao anakukuta. Kwa hiyo dereva wa lori alikosa kwa kung'ang'ania kulia na kutotazama kioo, na aliyepita kushoto alikosa. Hayo ndiyo makosa, na kikao kitayaona bila wewe.

Baba yako ana watoto wawili na mke mwenye miguu mibovu. Kibali kile kikichukuliwa mtakula nini, hiyo lugha ya shule? Umesoma lugha mbili, mwanangu, na ni jambo jema, lakini kunyamaza nako ni kusoma. Mimi nimenyamaza mengi kwa ajili ya yule mdogo wangu na sijafa.

Achana na habari za vidole. Na usiulize vilikotoka.

Mtihani, bado hujasema.

Shangazi yako


11 Mei

Shangazi, shikamoo.

Sikukuuliza vilikotoka.

Nimeisoma barua yako mara nne nikitafuta mahali nilipouliza. Sijapaona. Umejijibu mwenyewe, Shangazi.

Nyumbani tu wazima. Meno yote mawili yametokeza na mluzi umekwisha, mdogo wangu anautafuta na haupati. Gari limerudi, mlango mmoja ni wa rangi nyingine. Na Baba sasa anaongea. Ndiyo. Tangu gari lirudi hagongi tena, anafundisha kwa sauti, madirisha wazi ili watu wa nje wasikie: "Punguza! Nimesema punguza! Ingiza gia ya pili! Mimi ndiye niliyesema!" Wiki iliyopita msichana mmoja alishuka analia katikati ya somo, akaenda zake kwa miguu. Jioni Baba hana sauti. Anakunywa maji ya moto na anatazama mikono yake.

Umeuliza mtihani mara mbili. Sikuufanya.

Siku ile nilijifungia bafuni. Mtihani wa kuongea unasimama mbele ya watu watatu, na mimi usiku kucha nilirudia sentensi ya kwanza na haikutoka. Mama alikuwa ameshakwenda kazini kwake. Baba alikwenda kumfundisha fundi, akarudi naye kunichukua, akanikuta bado bafuni. Hakufoka. Alisema kupitia mlangoni, "Toka, mama, tutawahi. Nitakufikisha." Ndiyo maana nilikuwa kwenye gari la mwanafunzi. Ndiyo maana alitazama saa. Alikuwa ananiwahisha mimi.

Sasa unaona. Nikisema kweli, namwangusha mtu aliyeangushwa na woga wangu. Nikinyamaza, fundi anaanguka, na yeye hata hakuwa na haraka. Nazunguka tu. Nalala kwenye kitanda nikiwa nimesimama, kama unaelewa. Darasani mwalimu wa hesabu aliniita mara tatu ndipo nikasikia.

Juzi Baba alinikuta jikoni na kalamu.

"Unamwandikia nani?"

"Shangazi."

"Mwambie namsalimu. Mwambie nakula." Akafungua bomba, akafunga. "Siku ile ulikuwa umechoka sana, eh? Ulisinzia."

"Ndiyo, Baba."

"Eh. Nilijua." Akasimama pale pale kama anangoja niseme ndiyo ya pili.

Kikao ni tarehe kumi Juni, saa tatu asubuhi. Sema kitu, Shangazi. Hata kunigombeza.

Mwanao


30 Mei

Mwanangu wa pekee,

Marahaba, na marahaba tena kwa zile ambazo sikuitika vizuri. Mvua imelikata daraja la muda, lori halijaja, sijui hii itatoka huku lini. Naiandika hivyo hivyo. Mgongo usiuulize.

Vidole ni vyangu.

Babu yako alikuwa mtu wa kufoka. Kufoka mpaka sufuria zinaitika. Nyumbani kwetu mtoto akifungua mdomo hajui utafungwa na nini. Mimi na baba yako tulilala vyumba viwili, ukuta wa mbao katikati, yeye ana miaka sita. Nikamfundisha. Nikigonga mara moja, tulia, mzee yuko macho. Mara mbili, pita, njia salama, nenda chooni. Tuliishi hivyo miaka, tukiongea usiku kucha bila neno. Alipokuwa mtu mzima akanifundisha gari kwa vidole vile vile. Mimi ndiye mwanafunzi wake wa kwanza. Nilicheka nikalia siku ile, kwa sababu nilielewa: ameapa hatamfokea mtu maisha yake.

Kwa hiyo ulipoandika ile "kioo, kisha mara mbili", mimi nilisikia. Niliisikia kutoka huku. Nikajua ni kweli kabla sijamaliza mstari. Na nikakuandikia habari za mbuzi na chafya.

Niliogopa nini? Niliogopa ikishasemwa kikaoni, kitu kile ambacho kilituvusha utoto kitaitwa uongo. Lakini ameshakifanya uongo mwenyewe, aliposema "sikufungua mdomo." Na sasa anafoka, umeniambia. Amepoteza vyote viwili.

Fundi alimwamini. Aliwasha taa, akangoja, akauliza kwa macho, akaambiwa pita. Ukimwambia mtu njia ni salama, mwili wake umeuchukua wewe. Hilo nilipaswa kumfundisha pamoja na kugonga.

Kwa hiyo sikiliza. Kujifungia bafuni si kosa la barabarani. Kila aliyekaa kwenye kiti cha mwalimu ana saa, na ana watoto wenye woga. Hilo usilibebe. Na kusema nako usikubebe peke yako. Ndani ya bahasha hii kuna karatasi mbili nyingine: moja ya baba yako, ameandikiwa na dada yake, usiisome. Nyingine ya kikao, nimeeleza vidole vinasema nini na nimevijua tangu lini, nimetia sahihi, na msimamizi wa kambi ametia muhuri. Ngoja ifike ndipo useme lolote. Ningeweza kutembea ningekuja, maji yamefika kiunoni.

Uniwie radhi kwa barua ya mwezi wa nne.

Shangazi yako


8 Juni

Shangazi, shikamoo.

Leo Jumamosi, saa kumi za alasiri. Kikao ni keshokutwa. Nimekwenda posta jana na leo. Yule mama wa dirishani ananijua sasa, akiniona anatikisa kichwa kabla sijafika. Redioni wamesema huko kwenu daraja limeondoka na maji, kwa hiyo huenda uliniandikia, huenda hukuniandikia. Nimejaribu kukisia ungesema nini. Siku nyingine unasema nyamaza. Siku nyingine huniambii kitu, unanieleza jinsi rangi inavyochemka.

Mama hajambo, amehamia zamu ya jioni. Mdogo wangu yuko nje anaendesha tairi, anaingiza gia kwa mdomo.

Asubuhi nilikwenda kuchukua ile sketi, ambayo tangu siku ile sikuwa na moyo wa kuirudia. Plasta imetolewa. Fundi ananyoosha vidole, viwili havinyooki. Nilimuuliza Jumatatu atasema nini.

"Nitasema yale yale," akasema. "Watacheka tena. Wakimaliza kucheka nitatia sahihi, nirudi, nguo za watu zinaningoja." Halafu akaniambia kitu, Shangazi. Akasema, "Unajua mimi nilimpenda baba yako kwa kufundisha? Kwa umri huu nilishafokewa na waume wawili na mabosi watatu. Kwenye lile gari ndiyo mara ya kwanza nimejifunza kitu bila kutukanwa."

Nilitaka kusema pale pale. Nilifungua mdomo. Nilisema, "Asante kwa pindo."

Mdomo wangu haufai. Nimekubali. Keshokutwa wakinisimamisha mbele ya watu watatu itakuwa mtihani ule ule, na ukimya wangu utaandikwa kama jibu. Kwa hiyo nimefanya ninachoweza. Nimeyaandika. Karatasi moja na nusu, kwa lugha ya shule, kama yale ya kwanza, mwandiko ule ule ili wajue ni mtu yule yule. Nimeandika sikuwa nimelala. Nimeandika kioo, kisha dashibodi mara mbili, fundi akauliza kwa macho, kisha tena. Nimeandika taa ya kulia ilikuwa inawaka na alikuwa anangoja. Nimeandika tulichelewa kwa sababu yangu, na kwamba Baba hakunifokea. Nimeandika maelezo ya mwanzo niliyageuza mimi na nilijua. Halafu chini yake nimeyageuza yote kwa Kiswahili, neno kwa neno, ili fundi ayasome, na Baba ayasome bila kukisia.

Nilikuwa nimepanga kumpa fundi kimyakimya, Jumatatu mlangoni, Baba asijue mpaka yasomwe. Nimekaa na mpango huo tangu saa nane na hautulii. Ni kumpitia ubavuni, Shangazi, mahali asipotazama. Yeye ni baba yangu. Akasirike, anilaani, aichane, nitaandika nyingine, lakini asome kwanza, akiwa kwake, amekaa.

Ila kumwambia siwezi. Nimejaribu mara tatu tangu chakula cha mchana. Nimefika mpaka sebuleni, nikarudi na glasi ya maji ambayo sikuitaka. Nina glasi tatu hapa.

Somo la mwisho limekwisha, nimesikia gari. Amefunga mlango ule wa rangi nyingine. Anaongea na mdogo wangu, sauti imekwaruza. Sasa anavua viatu. Hapana, hajavua. Anakuja navyo koridoni.

Barua hii naificha chini ya godoro. Ile nyingine naiacha mezani, upande wa Kiswahili juu.